Mzinga wa Ngozi wa Mfalme wa Uswidi, na Kwa Nini Uliachwa

Ukianza kusoma habari za Vita vya Miaka Thelathini huko Ulaya, hutakwenda mbali kabla ya kukutana na maelezo haya: kwamba mfalme Gustavus Adolphus wa Uswidi alimshinda Tilly, jemadari wa jeshi la Kaizari, pale Breitenfeld, Ujerumani, mwaka 1631 kwa sababu alikuwa na mizinga ya ngozi, miepesi kiasi cha kukokotwa na farasi mmoja au kusukumwa na askari wachache. Yamerudiwa mara nyingi mno, na kila anayeyarudia huyaongezea chumvi kidogo.

Ndani yake kuna ukweli mara mbili na kosa moja. Mizinga ya ngozi ilikuwepo kweli. Mmoja unaweza kuuona hadi leo katika makumbusho ya jeshi mjini Stockholm. Na ni kweli pia kwamba Waswidi walikuwa na mizinga miepesi pale Breitenfeld, nayo iliwaumiza sana maadui zao. Kosa ni kuichanganya. Mizinga iliyonguruma Breitenfeld ilikuwa ya bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Ile ya ngozi ilikuwa imeshajaribiwa, imeshindwa na kuwekwa kando kabla mfalme hajavuka bahari kwenda Ujerumani mwaka 1630. Mchanganyiko huu unanisumbua, kwa sababu unatunyima sehemu tamu kuliko zote katika hadithi hii: namna jaribio lililoshindwa lilivyowafundisha watu mzinga ni kitu gani hasa.

Tuanze na uzito. Kwa Kiswahili mzinga wa nyuki na mzinga wa vita ni neno moja, na kwa umbo hakuna ubishi: ni gogo lenye uwazi ndani. Tofauti ni kwamba gogo la nyuki unalibeba begani na kulipandisha mtini. Mzinga mkubwa wa karne ya 17, ule wa kurusha tufe la pauni 24, mtutu wake peke yake ulikuwa na tani mbili na nusu au zaidi, kabla hujaweka gari, magurudumu, mapipa ya baruti na matufe yenyewe. Ulihitaji farasi zaidi ya ishirini na barabara kavu. Mvua ikinyesha, jeshi zima linasubiri mzinga.

Tena mzinga ukishafika uwanjani, hauhami. Unapangwa mbele ya askari, unapiga, na askari wakisonga mbele unabaki nyuma yao bila kazi. Wakirudishwa nyuma, unabaki mikononi mwa adui. Hilo ndilo lililomkuta Tilly: alasiri ile pale Breitenfeld wapanda farasi wa Uswidi waliiteka mizinga yake mizito juu ya mwinuko, wakaigeuza, na kuanza kuwapiga wenyewe waliokuwa nayo asubuhi.

Gustavus alikuwa ameliona tatizo hili miaka kadhaa kabla, akipigana na Wapolandi. Kuanzia 1626 vita yake na Polandi ilikuwa imehamia Prussia, kwenye mdomo wa mto Vistula, nchi ya matope, mifereji na mabwawa. Upande wa pili alikuwa jemadari wa Polandi, Stanisław Koniecpolski, na wapanda farasi ambao wakati ule huenda hawakuwa na wa kulinganishwa nao Ulaya. Askari wa miguu mwenye gobori anafyatua mara moja, kisha anahangaika na baruti, risasi na utambi, na wakati huo farasi anakuja. Mfalme alitaka kitu kikae pembeni ya askari hao, kiende wanakokwenda, na farasi wakikaribia kiwamwagie marisau, yaani risasi ndogondogo nyingi kwa mpigo mmoja.

Wazo la kupunguza uzito lilikuwa limemkaa kichwani kabisa. Meli yake Vasa, iliyozama bandarini Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 ikiwa haijamaliza hata safari yake ya kwanza, ilibeba mizinga 64, na 48 kati yake ilikuwa ya pauni 24, karibu yote ya aina mpya iliyopunguzwa uzito ukilinganisha na ya zamani. Meli ilizama kwa sababu nyingine, lakini mizinga yake inaonyesha mfalme huyu alikuwa akiwasukuma mafundi wake kuelekea wapi miaka ileile.

Kuna kipimo kimoja ambacho kikishaeleweka, mambo mengine yote hunyooka. Chukua uzito wa mtutu, ugawe kwa uzito wa tufe linalorushwa. Unapata idadi ya kilo za madini zinazotumika kurusha kilo moja ya tufe. Mizinga mikubwa ya zama zile ilikuwa na kilo 200 hadi karibu 300. Mzinga wa ngozi, ambao mtutu wake ulikuwa na kilo 40 hivi na ulirusha tufe la pauni tatu, ulikuwa na kilo 30 tu. Huku si kupunguza. Ni kufuta takriban kilo tisa katika kila kumi na kusema zilikuwa za bure.

Je, zilikuwa za bure? Hapo ndipo penye fundo.

Aliyeleta mtindo huu kwa Gustavus, kwenye mwaka 1627 hivi, alikuwa Melchior Wurmbrandt, bwana mkubwa kutoka Austria aliyekuwa akitumikia jeshi la Uswidi. Mskoti mmoja, Robert Scott, naye alidai ugunduzi ni wake. Scott alifariki mwaka 1631, na kumbukumbu yake katika kanisa la St Mary pale Lambeth, London, inamtaja kuwa ndiye mbunifu wa mizinga ya ngozi. Mafundi wa Zürich huko Uswisi nao walitengeneza ya kwao. Kugombania nani alitangulia hakutufikishi mbali. Hitaji lilikuwa moja kila mahali, na mtu yeyote mwenye kipande cha bomba na akili ya kujaribu angefika hapohapo.

Utengenezaji wake ulikuwa hivi. Katikati kuna bomba jembamba la shaba nyekundu, madini ambayo Uswidi ilikuwa nayo tele kutoka mgodi mkubwa wa Falun. Nyuma, mahali baruti inapolipukia, bomba linaongezewa unene. Juu yake zinapitishwa pete na vipande vya chuma, kisha kamba inazungushwa kwa kubana, safu baada ya safu, na katikati ya safu hizo kunapakwa gundi au lipu ya kushikanisha, na turubai. Mwisho linavishwa ngozi nene iliyoshonwa na kugongewa misumari, wakati mwingine ikapakwa rangi. Kwa hiyo jina lake linapotosha. Ngozi ni koti tu. Kazi ya kuzuia mlipuko imeachiwa shaba, chuma na kamba.

Kwa macho, ni kazi ya kupendeza. Na mantiki yake si ya kijinga: kamba iliyovutwa ina nguvu kubwa kwa uzito wake, na mlipuko husukuma kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo ukilifunga bomba kwa nje umelisaidia. Yeyote aliyewahi kumwona fundi ngoma akiwamba ngozi mbichi, akaiacha ikauke mpaka ikipigwa inalia, anajua ngozi na kamba zinaweza kubana namna gani.

Lakini tazama kinachotokea ndani ya mtutu utambi unapogusa kitundu cha kuwashia. Baruti inageuka moshi wa moto kwa kufumba na kufumbua, na moshi huo unasukuma kila upande. Bomba la shaba linataka kutanuka. Shaba nyekundu ni laini. Inatanuka kidogo na kurudi, ila ikipita kiwango fulani hairudi tena, inabaki imevimba. Kamba ya nje nayo ili ianze kusaidia lazima ivutwe, na ili ivutwe lazima bomba litanuke kwanza. Kamba ya katani inahitaji kuvutika sana kabla haijashika kisawasawa. Wakati inaamka, shaba imeshavuka mpaka wake. Safu zile nzuri hazibebi mzigo kwa pamoja. Zinapokezana kwa kuchelewa, na ya ndani inaumia kabla ya nyingine kuanza kazi. Ngoma ya fundi wetu inabana kwa sababu ilivutwa kabla ya kupigwa. Kamba za mzinga zilizungushwa kwa nguvu ya mikono tu, na mkono wa mtu haufiki kwenye nguvu ya baruti.

Dawa iliyopatikana ni kupunguza baruti. Ukipunguza baruti mzinga hautavimba, lakini tufe litakwenda polepole na halitafika mbali. Ndiyo maana mizinga hii ilifaa zaidi kumwaga marisau kwa karibu kuliko kurusha tufe zima.

Tatizo la pili ni joto, na kwa maoni yangu hili ndilo lililoiua. Kila mpigo unaacha sehemu ya moto wake kwenye kuta za mtutu. Mtutu mzito wa bronzi unaumeza moto huo kama sufuria kubwa iliyojaa maji inavyomeza moto wa kuni chache: unapata joto polepole, na upepo unaupooza kwa nje. Bomba la ngozi lina shaba kidogo tu ya kupokea moto uleule, na hiyo kidogo imevishwa kamba, gundi, turubai na ngozi, vitu ambavyo sisi hutumia kuzuia joto lisitoke. Ni kama kukifunika chungu blanketi. Baada ya mipigo kumi hivi lazima usimame uungoje upoe, na haupoi upesi kwa kuwa umefunikwa. Shaba ikipata moto inalainika zaidi, gundi inaanza kuachia, kamba inaungua kwa ndani mahali ambapo huwezi kuona. Na kuna hatari ambayo kila mpiga mzinga aliijua: mtutu ukiwa wa moto sana, baruti unayoimimina inaweza kuwaka ikiwa bado mkono wako uko mdomoni.

Sasa jiweke mahali pa askari wale. Wapanda farasi wanakuja wimbi baada ya wimbi. Umepiga mara kumi. Silaha uliyopewa kwa ajili ya dakika hii hasa inakwambia ngoja.

Liko la tatu, nalo huwashangaza wengi: uzito humtuliza mzinga. Tufe likienda mbele, mtutu unarudi nyuma kwa kipimo kilekile cha msukumo. Piga hesabu ya mfano. Tufe la kilo 1.3 likitoka kwa kasi ya mita 300 kwa sekunde, tukiacha kando msukumo wa moshi, mzinga wenye kilo 100 pamoja na gari lake utarudi nyuma kwa karibu mita 4 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu anayekimbia. Wenye tani moja utarudi kwa sentimita 40 tu kwa sekunde. Wepesi uliofurahia ukiusukuma kwenda mbele unakurudia kama teke. Hii ni sababu nyingine ya kupunguza baruti.

Kwa hiyo zile kilo 200 na ushei hazikuwa za bure. Zilishika mlipuko, zilimeza moto, zilituliza teke, na zilifanya hayo yote kwa wakati mmoja bila mtu kuzipangia. Ukiondoa madini kwa ajili ya kazi moja, umeziondolea nguvu na zile nyingine mbili, hata kama hukuwa unazifikiria. Wurmbrandt alitafuta jibu la mlipuko kwa kamba, na jibu lake likazidisha ubaya wa moto.

Mizinga hii ilitumika Prussia hadi 1629. Mwezi Juni mwaka huo, karibu na Trzciana, ambako Koniecpolski aliwabana Waswidi vibaya na mfalme mwenyewe akaponea chupuchupu kutekwa, kadhaa ilibaki mikononi mwa Wapolandi. Haikurithiwa na nyingine ya aina yake.

Alichofanya Gustavus baada ya hapo ndicho ninachokistahi. Hakurudi kwenye mizinga ya tani mbili akasema wepesi ni ndoto. Alibaki na swali, akabadili mahali pa kupunguza. Mzinga mpya wa rejimenti, yaani wa kugawiwa kila kikosi, uliotengenezwa wakati jaribio la ngozi linaisha, ulikuwa wa bronzi tupu, wa kusubu, wa pauni tatu uleule. Mtutu wake ulikuwa na kilo 120 hivi. Rudi kwenye kipimo chetu: ni takriban kilo 90 za bronzi kwa kilo moja ya tufe. Mara tatu ya ule wa ngozi, lakini chini ya nusu ya mizinga ya kawaida.

Kilo nyingine zilitolewa wapi? Kwenye urefu. Mtutu ulifupishwa sana, na kuta zikawa nyembamba kuelekea mdomoni, ambako msukumo umeshapungua, huku nyuma zikiachwa nene. Baruti ilipunguzwa pia. Mzinga mfupi wenye baruti kidogo haupigi mbali wala hauvunji ukuta wa ngome, na mfalme hakuutaka uvunje ngome. Aliutaka uwapige watu na farasi walio umbali wa mita mia chache. Yaani alipunguza kazi anayoitaka kwa mzinga, ndipo akapunguza madini. Wa ngozi ulikuwa umepunguziwa madini kwanza.

Pamoja na gari lake, mzinga huo ulikuwa na uzito wa mkokoteni uliobeba mifuko mitano sita ya saruji. Farasi mmoja aliumudu; wakikosa farasi, watu wachache waliukokota. Nao ulipata moto, lakini bronzi ile ilikuwa nyingi ya kutosha kuumeza, na hakuna koti lililouzuia usipoe.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho vitabu vingi hukipita haraka. Zamani baruti ilichotwa kwa kijiko kirefu kutoka kwenye pipa lililo wazi, ikapelekwa hadi ndani ya mtutu, ikashindiliwa, likafuata tambara, likafuata tufe, tena tambara. Waswidi waliifunga baruti iliyokwisha kupimwa ndani ya kikasha chembamba cha mbao, na tufe likafungwa kwenye kikasha hichohicho. Mpakiaji anashika kitu kimoja, anakisukuma ndani, basi. Ilisemekana mzinga ule ulipiga haraka kuliko askari anavyoweza kupakia gobori lake. Na faida haikuishia kwenye haraka. Baruti ikipimwa kabla, hakuna mtu mwenye hofu na mikono inayotetemeka atakayezidisha kipimo, na kwenye mtutu mwembamba kuzidisha kipimo ni kifo. Kikasha cha mbao kilikuwa sehemu ya uimara wa mzinga sawa na bronzi yenyewe.

Hiyo ndiyo mizinga iliyofika Breitenfeld tarehe 17 Septemba 1631, ikigawanywa kwa rejimenti, chini ya mkuu wa mizinga Lennart Torstensson ambaye alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Washirika wao Wasaksoni walipokimbia na ubavu wa kushoto ukabaki wazi, Waswidi waligeuza safu zao kukabili upande huo, na mizinga midogo ikageuka pamoja nao. Ya Tilly haikuweza kufanya hivyo. Ushindi haukuletwa na mizinga peke yake, ila siku ile ilionyesha thamani ya mzinga unaoweza kumfuata askari.

Mzinga wa ngozi wenyewe haukufa mara moja. Waskoti waliotumikia Uswidi walirudi kwao na walichojifunza. Mwaka 1640 pale Newburn, jeshi la Alexander Leslie, aliyewahi kuwa jemadari wa Uswidi, lilipandisha mizinga midogo hadi kwenye mnara wa kanisa na kuwapiga Waingereza waliojichimbia ng'ambo ya mto Tyne. Miepesi hiyo ilikuwa kazi ya Alexander Hamilton. Mzinga wa tani mbili haupandi ngazi za kanisa, kwa hiyo siku hiyo wepesi ulijilipa wenyewe.

Miaka minne baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, kwenye daraja la Cropredy, tarehe 29 Juni 1644, watu wa mfalme Charles wa Kwanza waliteka mizinga ya jeshi la Bunge pamoja na msimamizi wake, James Wemyss, ambaye kabla ya vita alikuwa mkuu wa mizinga wa mfalme huyohuyo. Kati ya ngawira kulikuwa na vizuizi viwili vya mbao vyenye magurudumu, kila kimoja kimepachikwa mizinga midogo saba ya shaba na ngozi, yote imeshindiliwa marisau. Ukikiangalia vizuri, Wemyss alikuwa ameuelewa udhaifu wa mzinga wa ngozi: kama hauwezi kupiga mara nyingi, panga saba upige mara moja.

Jibu la kudumu la uzito lilisubiri hadi karne ya 18, na halikuhusu ngozi wala kamba. Mafundi wa ukoo wa Maritz walijifunza kusubu mzinga ukiwa gogo zima la bronzi, kisha kuutoboa kwa mashine. Tundu likawa nyoofu na laini, pengo kati ya tufe na ukuta likapungua, moshi kidogo ukapotea pembeni, na baruti kidogo ikafanya kazi ya nyingi. Ndipo Jean-Baptiste de Gribeauval wa Ufaransa, mwaka 1765, alipoweza kuupunguza mzinga wa uwanjani wa pauni 12 kutoka karibu kilo 1,560 hadi kilo 880 hivi. Kwa kipimo chetu ni 150 kwa moja, juu ya mzinga wa Gustavus lakini bado chini ya mizinga mikubwa ya zamani. Tofauti ni kwamba wa Gribeauval ulipiga mbali na kwa nguvu, kutwa nzima.

Na kamba? Ilirudi. Katika miaka ya 1850 Mwingereza William Armstrong alitengeneza mitutu kwa kuvalisha bomba la ndani mikono ya chuma iliyopashwa moto. Chuma kikipoa kinasinyaa, kama ukanda wa chuma wa gurudumu la mbao unavyoushika ubao ukimwagiwa maji, na bomba la ndani linabanwa kabla hata baruti haijawekwa. Mlipuko unapokuja, unakuta safu zote zimeshavutwa, zinabeba pamoja. Miaka ya 1890 viwanda vya Uingereza vikaenda mbele zaidi: kwenye mizinga mikubwa ya manowari vikazungusha waya wa chuma kigumu juu ya bomba, safu baada ya safu, ukivutwa na mashine kwa nguvu iliyopimwa, kisha vikaufunika kwa koti la chuma, mahali ambapo Wurmbrandt alikuwa ameweka ngozi.